Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya dawa ya ng'ambo



Jumamosi moja jioni, tulipokuwa tukisahihisha madaftari ya wanafunzi, baba mmoja wa parokia yetu alibisha hodi nyumbani kwetu. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake, mwenye umri wa miaka 9, ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao huku kwetu wengi huuita SS. Mwaka huu amelazwa hospitali mara nne, na mara mbili ameongezwa damu. Yule baba akaikunjua karatasi, akasema: «Mwalimu, unisomee tena polepole. Wanasema kwamba wanaponya. Nimekwisha kupata mtu wa kununua kiwanja alichoniachia marehemu baba. Jumatatu nitatia sahihi.»

Tuliisoma. Kijana wake mkubwa ndiye aliyeipata katika intaneti kwa simu yake, akaichapisha mjini. Ilisifu matibabu yaitwayo «seli shina», yatolewayo katika zahanati moja ya ng'ambo. Ilisema ya kuwa mgonjwa huchomwa sindano siku moja, hupumzika siku nne, kisha hurudi kwao mzima. Tena sindano ile ile yaponya SS, na kiharusi, na kisukari, na upofu, hata uzee. Bei ni dola 18,000, na nusu yake ilipwe kabla ya safari. Chini palikuwa na picha za watu wanaocheka.

Tukamwomba: «Baba, ngoja siku saba tu.» Akatutazama kwa huzuni, akajibu: «Mwalimu, mwenye mtoto anayelia usiku kucha haambiwi ngoja.»

Neno lile lilituchoma, kwa maana ni kweli. Lakini tulikuwa na sababu ya kumzuia, nayo ni aibu yetu wenyewe. Miaka michache iliyopita, mwalimu mwenzetu alipatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja. Karatasi kama hii ilimfikia naye. Sisi wenzake tulichanga sehemu ya mishahara yetu, wanafunzi walileta faranga zao, jamaa wakakopa. Katika sisi sote hakutokea hata mmoja aliyeuliza swali. Mwenzetu alisafiri, akachomwa sindano mgongoni, akarudi na homa na maumivu makali ya kichwa. Mkono wake haukuinuka. Wale waliomchoma hawakujibu barua zake. Wanawe wawili waliacha shule ili deni lilipwe. Yeye hajatulaumu kamwe, na kwa sababu hiyo twajilaumu wenyewe. Mapendo yetu yalikuwa ya kweli, lakini yalikosa busara.

Basi yale tuliyomweleza baba yule kwa siku saba, twayaandika leo kwa ajili ya ninyi nyote. Kwa maana karatasi za namna hii ni nyingi, na huwafikia watu saa ile wasipokuwa na nguvu ya kufikiri.

Seli shina ni nini?

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, kama ukuta ulivyojengwa kwa matofali. Ila seli ni hai: zazaliwa, zafanya kazi, zafa. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Kwa mgonjwa wa SS huishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo yapasa nyingine zizaliwe kila siku, na mahali pa kuzaliwa kwake ni ndani ya mifupa, katika uboho. Humo zimo seli zilizo mama wa damu yote. Hizo ndizo seli shina. Tazameni mgomba: shina likiwa zima ardhini, hata mti ukikatwa, machipukizi hutokea. Seli shina za uboho hufanya vivyo hivyo: zajizaa zenyewe, tena zazaa seli nyekundu, seli nyeupe zinazopigana na magonjwa, na vile vipande vidogo vinavyogandisha damu.

Mgonjwa wa SS amepokea kasoro moja kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Si uchawi, wala si laana, wala si kosa la mama peke yake. Kwa sababu ya kasoro hiyo seli nyekundu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na kuleta yale maumivu tunayoyajua. Tena huvunjika upesi, mtoto akapungukiwa na damu. Nigeria, Kongo yetu, na Uhindi ndizo nchi tatu zenye watoto wengi kupita zote wanaozaliwa na ugonjwa huu. Kwa hiyo jambo hili ni letu hasa.

Dawa ya kweli ipo

Haitupasi kusema kwamba kila dawa ya seli shina ni uongo. Kusema hivyo kungekuwa uongo mwingine. Ikiwa uboho ndio mama wa damu, basi mgonjwa akipata uboho mwema wa mtu mwingine, ataanza kuzaa damu njema. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani na wenzake waliandika mwaka 1957 habari za majaribio yao ya kwanza ya kuwatilia watu uboho. Wagonjwa wale wa kwanza hawakupona. Ilihitaji kazi ya miaka mingi, na mwaka 1990 Thomas alipewa tuzo ya Nobel.

Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, walieleza habari za msichana wa miaka 8 mwenye kansa ya damu na SS pamoja. Walimtilia uboho kwa ajili ya kansa. Kumbe, na SS ilitoweka. Mwaka 1988 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, waliandika juu ya watoto 5 wa SS waliowatilia uboho. Katika miaka iliyofuata waliwatibu huko watoto wengi wenye asili ya Afrika, na baadhi yao walikuwa wa jamaa waliokusudia kurudi kwao.

Mwaka 2017 ilitolewa hesabu ya wagonjwa 1,000 wa SS wa nchi mbalimbali, waliopewa kati ya mwaka 1986 na 2013 uboho wa ndugu aliyefanana nao kabisa. Baada ya miaka 5, katika kila wagonjwa 100, wapatao 93 walikuwa hai, na karibu wote hao walikuwa wamepona ugonjwa wao. Hesabu hiyo ni njema sana. Lakini mzazi asome pande zote mbili: katika kila 100, kama 7 walikufa, nao walikuwa mikononi mwa madaktari hodari.

Dawa hiyo ya kweli yadai nini? Yadai mambo makubwa manne.

Kwanza, yadai mtu wa kutoa uboho. Aliye bora ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Lakini si kila ndugu afaa. Kila mmoja ana bahati moja katika nne ya kufanana kabisa na mgonjwa. Wanafunzi wa hesabu wataona wenyewe: katika jamaa 100 ambamo mgonjwa ana ndugu watatu, kama 42 hazitapata hata ndugu mmoja afananaye. Ndugu mwenye SS hafai. Ndugu mwenye AS, yaani aliyepokea kasoro upande mmoja tu, aweza kutoa. Siku hizi hospitali nyingine kubwa hutumia hata uboho wa mzazi anayefanana nusu, ila kazi hiyo ni ngumu zaidi, na yataka madaktari waliozoea.

Pili, kabla ya kupokea uboho mpya, mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa ule wa zamani. Nywele huanguka, mdomo huwa na vidonda, na kwa siku nyingi mwili hauna askari wa kupigana na magonjwa. Dawa hizo zaweza pia kumwondolea mtoto uwezo wa kuzaa atakapokuwa mtu mzima. Wazazi wana haki ya kuambiwa neno hilo mapema, nao wasione haya kuliuliza.

Tatu, yadai wakati. Uboho wenyewe huingia kwa mshipa, kama damu inavyoongezwa, na kwa macho ni jambo dogo. Lakini mgonjwa hukaa katika chumba cha peke yake kwa majuma kadhaa, kisha hukaa karibu na hospitali kwa miezi. Mlezi hukaa naye. Ndugu mtoaji asafiri pia.

Nne, yadai matunzo baada ya kurudi. Seli mpya zaweza kuushambulia mwili uliozipokea, kama mgeni anayempiga mwenye nyumba. Ili kuzuia vita hiyo mtoto humeza dawa kwa miezi mingi, hupimwa damu mara kwa mara, hulindwa na malaria, na baadaye huchanjwa upya.

Baba yule aliposikia hayo, alichukua tena karatasi yake na kuitafuta mistari. Akasema kwa sauti ndogo: «Hawakuuliza hata kama ana ndugu.»

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto ana ndugu watatu, na watu wa zahanati ile hawakutaka kujua habari za hata mmoja. Hapo baba mwenyewe alianza kuona.

Jina moja, mambo mawili

Wauzaji hao hutumia jina la kweli kufunika jambo lisilothibitishwa. Huchukua seli za mafuta ya mgonjwa mwenyewe, au za kitovu cha mtoto mchanga, au nyingine wasizozieleza vizuri, wakazichoma katika mshipa, uti wa mgongo, goti au jicho. Husema ya kuwa seli «zitajua zenyewe» pa kwenda. Lakini seli ya mafuta haigeuki kuwa jicho kwa sababu imetiwa jichoni, kama vile mbegu ya mtama haioti muhogo kwa sababu imepandwa katika shamba la muhogo.

Huenda mtu akasema: «Isipofaa, haitadhuru.» Tungependa iwe hivyo. Lakini sikieni mambo yaliyoandikwa na madaktari wenyewe.

Mtoto mmoja wa Israeli, mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu, alipelekwa Moscow tangu mwaka 2001, akachomwa katika ubongo na mgongo seli zilizotolewa katika mimba. Mwaka 2005 vilionekana vivimbe katika ubongo na mgongo wake, navyo vilitoka katika seli za wageni, si katika mwili wake. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2009.

Mwaka 2015, katika jimbo la Florida, Marekani, wanawake watatu wazee walichomwa machoni seli za mafuta yao wenyewe, macho yote mawili kwa siku moja. Kila mmoja alilipa dola 5,000. Walikuwa wakiona kwa shida. Wakapoteza karibu macho yote. Basi msidhani ya kuwa hatari iko katika nchi maskini tu.

Mwaka 2016 madaktari wa Marekani waliandika juu ya mtu aliyepooza kwa kiharusi, kama mwenzetu mwalimu. Alisafiri China, Argentina na Mexico kuchomwa seli. Katika uti wa mgongo wake ulikuta uvimbe mkubwa, na uvimbe huo ulikuwa wa seli za mtu mwingine.

Mwaka 2018 serikali ya Marekani ilitangaza habari za wagonjwa 12 walioambukizwa vijidudu baada ya kuchomwa dawa zilizotengenezwa kwa damu ya kitovu. Dawa zenyewe zilikuwa na vijidudu kabla hazijafunguliwa.

Mfa maji haachi kutapatapa, wasemavyo wazee. Haifai kumcheka. Yafaa kumnyoshea mti ulio imara.

Maswali ya kuuliza

Yeyote atakaye kwenda ng'ambo kwa dawa ya seli shina, au kumpeleka mtoto wake, aandike maswali haya katika daftari, na ayapeleke kwa maandishi. Mwenye dawa ya kweli atayajibu bila hasira.

1. Je, dawa hii imethibitishwa kwa ugonjwa wetu huu hasa? Kutia uboho kumethibitishwa kwa magonjwa ya damu, kama SS na kansa kadhaa za damu, na kwa mengine machache. Mtu asemaye kwamba sindano moja yatibu magonjwa kumi yasiyohusiana, mwacheni, na mshike njia yenu.

2. Seli zatoka wapi? Za mgonjwa mwenyewe, za ndugu, au za mgeni? Nani amezipima? Sisi Wakristu tuna sababu nyingine ya kuuliza. Kanisa halikatazi seli zinazotolewa kwa mtu mzima kwa ridhaa yake, wala damu ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Lakini lakataa zile zipatikanazo kwa kuharibu kiumbe kilicho bado mwanzoni mwa uhai. Mafundisho hayo yalielezwa tena mwaka 2008 katika hati iitwayo Dignitas Personae.

3. Je, ni matibabu yaliyokubaliwa na serikali ya nchi hiyo, au ni majaribio? Majaribio si dhambi. Dawa zote zilianza hivyo. Lakini majaribio ya haki yana karatasi inayoeleza hatari zote, yana baraza linalowalinda wagonjwa, na kwa kawaida mgonjwa hatozwi bei ya dawa inayojaribiwa. Mkiambiwa «ni majaribio» na papo hapo «lipeni dola elfu nyingi», amkeni. Tena msidanganywe na neno «tumeandikishwa». Kuandika jaribio katika daftari la serikali lililo wazi kwa watu wote si sawa na kukubaliwa na serikali hiyo.

4. Mmewatibu wagonjwa wangapi wenye ugonjwa huu, wangapi wamepona, wangapi wamekufa? Hospitali ya kweli yajua hesabu ya wafu wake. Asiyetaka kuitaja hesabu hiyo anaficha jambo. Picha za watu wanaocheka si hesabu. Maumivu ya SS yenyewe huja na kuondoka. Mtu akichomwa sindano wakati yanapoondoka, atasifu sindano.

5. Gharama yote ni kiasi gani mpaka mwisho? Si bei ya matibabu tu: hesabuni vipimo, safari ya watu watatu, nyumba ya kukaa kwa miezi, chakula, dawa za baadaye, na fedha za akiba ikiwa mambo yataharibika. Kutia uboho, hata katika hospitali za bei nafuu, hula makumi ya maelfu ya dola. Ulizeni pia: yule mtu anayetutafutia nafasi, analipwa na nani? Dalali anayelipwa kwa kila mgonjwa hawezi kuwa mshauri wenu.

6. Nani atatutunza tukirudi? Daktari wa huku aandikiane na daktari wa kule kabla ya safari, si baada ya msiba. Mrudi na barua na vipimo vyote, vimeandikwa kwa lugha ambayo daktari wenu aifahamu. Kumbukeni pia kwamba mkidhulumiwa katika nchi ya mbali, ni vigumu sana kupeleka mashtaka mahakamani huko.

Na neno moja juu ya mambo mapya. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani zilikubali dawa ya SS inayorekebisha seli shina za mgonjwa mwenyewe, bila ya kuhitaji ndugu. Ni kazi ya ajabu, lakini bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, na mgonjwa hupewa kwanza zile dawa kali tulizozieleza. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba anayo dawa hiyo kwa bei ya kiwanja, na kwa kazi ya siku moja, mwajua la kujibu.

Yaliyo karibu nasi

Mara nyingi twatazama ng'ambo, na kilichopo mlangoni hatukioni. Ipo dawa ya kumeza iitwayo haidroksiurea. Haing'oi ugonjwa, lakini hupunguza makali yake. Majaribio yake yalifanywa kwa watoto 606 wa SS wenye umri wa mwaka 1 hadi 10, katika Angola, Kenya, Uganda, na Kongo yetu, mjini Kinshasa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria ilipungua, kuongezwa damu kulipungua, na vifo vilipungua. Dawa hiyo yataka daktari na kupima damu kwa vipindi; haifai kununuliwa sokoni na kumezwa ovyo. Pamoja nayo ziko chanjo, dawa za kinga kwa watoto wadogo, chandarua, maji ya kunywa ya kutosha, na kukimbilia hospitali upesi mtoto apatapo homa.

Tena, kwa wale ambao daktari wao amewaambia kwamba kutia uboho kwafaa, safari si lazima ivuke bahari. Huko Dodoma, Tanzania, hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kuwatilia uboho watoto wenye selimundu. Hatusemi kwamba nafasi hupatikana kwa urahisi. Twasema kwamba yafaa kuuliza Afrika pia.

Ninyi wanafunzi, twataka kuwaambia neno. Siku hizi ninyi ndio wenye simu, na ninyi ndio mnaowasomea wazazi Kifaransa na Kiingereza. Kijana wa baba yule hakuwa na nia mbaya. Alimpenda dada yake. Lakini alisoma maandishi makubwa tu, akaacha yale madogo ya chini, yaliyosema kwamba zahanati «haitoi ahadi ya kupona» wala hairudishi fedha. Mkiwasomea wazazi, someni yote. Kusoma nusu ni kama kumshika kipofu mkono na kumwacha katikati ya daraja.

Siku saba

Jumamosi iliyofuata baba yule alirudi, na binti yake pamoja naye. Hakuwa ametia sahihi. Mnunuzi wa kiwanja alikasirika, akamwita mtu wa maneno mawili. Jumatano alikuwa amekwenda kwa daktari wa hospitali, na daftari lenye maswali mkononi. Daktari alimwambia kwamba mtoto aweza kuanza haidroksiurea. Tena ndugu zake watatu wapimwe, kwanza kama wana SS au AS, kisha kama mmoja wao afanana naye. Kipimo hicho cha pili hakifanyiki kila mahali. Chaweza kuchukua muda na fedha.

Huenda mmoja afanane, huenda asipatikane. Akipatikana, baba atauza kiwanja, nasi tutachanga tena, na safari hii tutajua twachangia nini. Asipopatikana, kiwanja kitalipa dawa za miezi mingi na karo ya shule ya ndugu zake.

Aliposimama kwenda, baba alituuliza: «Mwalimu, je, nilikuwa mjinga?» Tukamjibu: «Hapana, Baba. Ulikuwa baba.» Kisha yule msichana akatuonyesha daftari lake jipya. Kazi yake ni kuandika humo, kila asubuhi, kwamba amekwisha meza dawa. Alikuwa ameandika siku tatu tayari, kwa hati nzuri.